Kushika si Kumiliki

Mtu anayeishi kwa kalamu katika kisiwa hiki haishi kwa mashairi. Mimi naishi kwa barua za watu. Anayetaka cheti cha ndoa kigeuzwe Kiingereza huja kwangu, na aliyeletewa waraka wa Kiarabu na jamaa zake wa Maskati huja kwangu pia, na mwenye ugomvi na mpangaji wake huja nimwandikie maneno makali yasiyokuwa matusi. Kwa ajili hiyo watu wananiita Maalimu, ingawa skuli niliiacha Kidato cha Pili, Kiingereza nilikisoma ndani ya kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, nakala iliyokwisha poteza jalada, na Kiarabu nilikiokota kidogo kidogo msikitini. Tabu ya kuitwa Maalimu ni kwamba huitwa hata kwa mambo usiyoyajua. Ndivyo nilivyoitwa Pemba mwaka 2008, kwenda kusuluhisha ndugu wanne juu ya shamba la mikarafuu.

Washairi huombwa kusuluhisha kwa sababu hudhaniwa kuwa wana ulimi mtamu. Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu watakaoombwa kesho, nao wengi hawakataa, kwa kuwa ombi lenyewe ni hishima.

Shamba lilikuwa nje kidogo ya Wete. Baba alikuwa amefariki, kaacha mke mmoja, watoto wawili wanaume na wawili wanawake. Kwa hesabu ya kaka mkubwa palikuwa na mikarafuu 96, minazi michache na kisima. Bei ya karafuu siku zile ilikuwa duni. Wenye mashamba wengi walikwisha acha kupalilia, na wengine walichuma kwa kuona haya tu ya kuziacha zipukutike mitini. Dada wote wawili walikuwa wameolewa, mmoja Chake Chake na mmoja huku Unguja. Kaka mkubwa ndiye aliyeniita. Ndiye aliyenilipia nauli, ndiye aliyenipokea bandarini, na kwake ndiko nilikolala siku tatu nikila wali wa nazi na pweza. Sikuona ila yoyote.

Tulikaa siku ya hitima ya arobaini, baada ya magharibi, barazani, kwa hoja kwamba jamaa wote wamekwisha kusanyika na hapana haja ya kuwasumbua mara ya pili. Wanaume tulikuwa nje. Dada walikuwa ndani, nyuma ya pazia. Mama yao alikuwa ndani zaidi, kizuka, eda yake haijesha. Kila swali tulilouliza lilipita chini ya pazia, likarudi na jibu katika kinywa cha wifi yao, mke wa kaka mkubwa: “Wanasema wameridhika.” Nikauliza tena, kwa kutimiza wajibu. “Wanasema wao hawana neno na kaka zao.”

Mimi ambaye singekubali kulitafsiri shairi la Kiajemi kwa kupitia Kiingereza cha mtu mwingine, kwa kuogopa kupokea makosa yake pamoja na yangu, niliipokea sauti ya wanawake wawili kupitia kinywa cha mtu aliyekuwa na faida katika jawabu. Wala halikunipitikia.

Nikaandika hati. Niliiandika usiku ule ule, kwa taa ya kandili, na nilijivunia kila mstari wake. Nilisema kwamba dada, kwa mapenzi na kwa kuchunga udugu, wamewaachia kaka zao shamba la marehemu walishike kwa heri. Ilikuwa na mizani karibu ya shairi. Nilipoisoma, kaka mdogo alilia. Ikasomwa Fatiha, tukanywa kahawa, na asubuhi nikapanda meli nikiwa na pishi mbili za karafuu ndani ya mfuko. Fungu la mama halikutajwa popote katika hati ile. Hapana aliyelitaja, nami sikujua kwamba lilipaswa kutajwa.

Mwaka 2011 Serikali iliipandisha sana bei ya karafuu. Aliyepita Pemba msimu ule atakumbuka: majamvi yameanikwa kando ya kila barabara, wachumaji wanagombewa, watu waliohamia mjini miaka mingi wanarudi kuuliza mipaka ya mashamba ya babu zao. Katikati ya msimu nilipata barua ya dada mdogo. Ilikuwa fupi. Alisema amenunua daftari ili aniandikie, kisha akauliza swali moja tu: “Maalimu, neno kuachia uliloliandika, ulikusudia nini?”

Nilikaa na swali lile siku nzima. Mtu anaposafiri humwachia jirani ufunguo wa nyumba, na akirudi huutaka ufunguo wake. Mtu humwachia mwenziwe deni, na deni hilo halirudi. Yote mawili ni kuachia, na yote mawili ni Kiswahili safi. Na kushika je? Kijana hushika duka la ami yake miaka kumi, lisiwe lake hata siku moja. Lakini pia tunasema fulani ameshika shamba lote, tukimaanisha kuwa kalichukua. Kaka mkubwa alikuwa ameisoma hati kwa maana moja, dada mdogo kwa maana nyingine, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuisoma alivyoisoma. Niliyachagua maneno yale kwa sababu yalikuwa laini. Ulaini wao ulitoka katika kutosema kitu.

Hatukuweza kukutana mwaka ule. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilizama meli ya Spice Islander ikielekea Pemba, na kwa wiki nyingi hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye habari za miti. Nilikwenda mwanzoni mwa mwaka 2012, karafuu zimekwisha uzwa na majamvi yamekunjwa. Wakati mzuri wa kukaa ni huo. Huwezi kuwauliza watu jambo zito siku wanapolia, wala siku mchumaji anaposubiri ujira wake chini ya mti.

Safari hii kabla sijapanda meli nilikwenda kwa sheikh mmoja anayejua ilimu ya faraidhi, nikamwomba anifanyie hesabu niliyopaswa kuiomba miaka minne nyuma. Haina siri. Mke ana thumni, kwa kuwa mume kaacha watoto. Zinazobaki thumni saba wanagawana watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Ukitaka isiwe na vipande, gawa mali mafungu 48: mama 6, kila kaka 14, kila dada 7. Katika miti 96, mama ana 12, kila kaka 28, kila dada 14. Lakini mama alifariki mwaka 2010, na hakuacha mrithi isipokuwa wanawe hao wanne. Mafungu yake 6 yakarudi kwao: kila kaka 2, kila dada 1. Sasa kila kaka ana 16 na kila dada 8, yaani kwa njia nyepesi, kila kaka theluthi na kila dada sudusi. Kwa bahati hesabu hii ilirahisika kwa kifo. Mara nyingi huwa kinyume: shamba lisipogawiwa, kila anayekufa huwaachia watoto wake vipande vya vipande, mpaka inakuja siku ambapo warithi ni arobaini na mti mmoja una wenyewe sita.

Nilipompa dada mdogo nambari ile, sehemu moja katika sita, alinyamaza, kisha akaniomba niirudie. Alikuwa hajawahi kuambiwa na mtu yeyote. Mwaka 2008 nilimwomba asamehe kitu ambacho yeye hakukijua ukubwa wake, wala mimi.

Si kwamba kusamehe hakufai. Wanazuoni wameuacha wazi mlango unaoitwa takharuji, ambamo mrithi hujitoa katika urithi kwa kitu anachopewa na wenziwe, wakaridhiana. Lakini mtu hutoka katika nyumba aliyomo, na hao dada hawakuwa wamepata kuambiwa kwamba wamo. Kama kuna jambo moja ninalomwomba msuluhishi alifanye kabla ya kufungua kinywa, ni kujua kila mmoja angepata nini mbele ya Kadhi, na kuhakikisha kila mmoja anajua. Hapo ndipo anapoweza kuwaomba wapunguziane.

Nilijilipia nauli, nikalala kwa rafiki yangu mmoja ambaye hakuwa na undugu nao. Kaka mkubwa aliumia. “Maalimu,” aliniambia, “chakula changu kimekuwa haramu?” Sikuwa na jawabu lisilokuwa la kumwongezea uchungu, nikamwambia kwamba nitakunywa kahawa katika kila nyumba, na yake ndiyo nitakayoanza nayo. Alikubali kwa shingo upande. Nadhani hapo ndipo nilipompoteza.

Kisha nikawasikiliza mmoja mmoja, faragha, kila mtu kwake, kwa ahadi kwamba sitalichukua neno la mmoja kumpelekea mwingine bila ya idhini yake. Kazi hiyo ilichukua siku nne, na kama ningelazimika kuacha kila kitu nibakishe kimoja, ningebakisha siku hizo nne. Kaka mkubwa alikuwa na hoja iliyo sawa kabisa ambayo hasira za dada yake zilikuwa zimeifunika. Wakati karafuu hazina thamani ni yeye aliyepalilia, yeye aliyekopa ujira wa wachumaji, na alikuwa amepanda miche 20 kwa mkono wake mahali miti mikongwe ilipokufa. Kaka mdogo, aliyelia juu ya hati yangu, alikuwa hajaulizwa kitu na mtu tangu baba afe. Alikuwa amekwisha kumkodisha tajiri mmoja mavuno ya msimu uliofuata, miti ikiwa bado haijatoa hata ua, na hapana nduguye aliyejua.

Dada mdogo ndiye aliyenifunza. Nilimuuliza kwa nini alisema ameridhika mwaka 2008. Akasema hakusema. Wifi yake alimtazama, naye akainamisha kichwa. Kwa nini hukukataa? “Maalimu,” akasema, “mwanamke akidai kwao, siku akiachwa atarudi wapi?” Alinyamaza ili abaki na mlango wa kurudia. Mumewe alimwacha mwaka 2009, akarudi, na akapewa pa kulala katika ghala, baina ya majamvi na magunia. Bei aliilipa, na alichokinunua hakukipata.

Nimeyasoma mengi tangu hapo kuhusu usuluhishi, maana siku hizi serikali zetu zinaupenda. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 159, inaziagiza mahakama ziukuze, na kuanzia mwaka 2016 mahakama za Nairobi zilianza kupeleka mashauri kwa wasuluhishi kabla ya kuyasikiliza. Tanzania Bara iliuingiza katika mahakama zake mwaka 1994, na sheria ya mwaka 2021 iliyaondolea mabaraza ya kata uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi, yakabakishiwa kazi ya kupatanisha ndani ya siku 30. Sisi Zanzibar tuna sheria zetu, lakini upepo ni ule ule. Sina ugomvi nao. Kesi ya ardhi inaweza kumzeesha mtu, na wakili halipwi kwa karafuu mbichi. Nauliza tu, katika hizo siku 30, nani anapewa kazi ya kulifunua pazia? Mwaka huo huo wa 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama za Bara, na sisi watu wa lugha tulishangilia, nami nilikuwamo. Lakini ugomvi wa Wete ulikuwa wa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, baina ya watoto wa tumbo moja, na bado ulihitaji mkalimani.

Tulikutana wote siku ya tano. Si barazani, ambako kila apitaye hutoa salamu na kuchelewesha hatua, bali ukumbini kwa mzee mmoja wa mtaani, duara moja, dada wamekaa upande wao na buibui zao, kila mmoja akijibu kwa mdomo wake. Sheha alikuwapo kama shahidi, na nilimwomba asiseme chochote, jambo ambalo kwa sheha si jepesi.

Kwanza tulikwenda shambani kuhesabu. Ile mikarafuu 96 ilikuwa 91, ukiiacha miche. Haigawiki kwa sita. Hata ingegawika, mti si mti: mmoja unatoa magunia, wa jirani yake umebaki majani, na uliotoa sana mwaka huu mwakani utapumzika. Hesabu yangu nzuri ya faraidhi ililala pale chini ya miti. Waliotuokoa ni wazee wawili waliowahi kuchuma shamba lile tangu ujana wao. Wao ndio waliolikata vipande sita kwa wanavyoijua miti yake, kipande kimoja kikubwa na kibovu, kingine kidogo na kizuri, mpaka kila ndugu akasema kwamba akiangukiwa na chochote hatalalamika. Ndipo ikapigwa kura. Kaka wakapata viwili kila mmoja, dada kimoja kimoja. Kisima kikabaki cha wote, na njia ya kukiendea ikaandikwa, upana wake kwa hatua.

Mavuno ya 2011 yalikuwa magumu zaidi, lakini hapo tulikuwa na kitu bora kuliko kiapo. Karafuu Zanzibar huuzwa kwa Shirika la Taifa la Biashara, na kila mzigo una stakabadhi yake. Kaka mkubwa alikuwa amezitunza zote. Alizileta mwenyewe, ndani ya bahasha, na hilo linastahili kusemwa kwa ajili yake. Zikatolewa gharama za kupalilia na ujira wa wachumaji kwa pishi, zikabaki fedha za kugawa, akapewa misimu miwili ya kuwalipa dada zake. Miche 20 ikawa yake. Mila zetu zinajua kwamba mti na ardhi ni vitu viwili, mtu aweza kuwa na mkarafuu juu ya ardhi isiyokuwa yake, lakini nimeona ugomvi mwingi ukizaliwa hapo. Dada mdogo akasema ile minne iliyoangukia kwake atainunua, akaulizwa bei, na bei ikaandikwa.

Hati ya pili haikumliza mtu. Ina kurasa tatu na haina hata tashbihi moja. Kila kipande kimeelezwa mipaka yake, na kila mti wa mpakani umepakwa rangi. Imesema “anamiliki mikarafuu iliyomo na ana haki ya kuitumia ardhi iliyo chini yake”, kwa sababu chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 ardhi yenyewe ni ya umma, na hati isiyolijua hilo itachekwa mahakamani. Mkataba wa kaka mdogo na tajiri umetajwa, ukafungwa katika vipande vyake viwili usivuke. Makonyo pia yametajwa, maana nayo huuzwa. Neno kushika halimo. Tuliipeleka kwa Kadhi ikasajiliwa, kwani karatasi iliyolala kashani ina nguvu kadiri ya hishima ya mwenye ufunguo.

Kabla ya kwenda kwa Kadhi dada mkubwa aliniita pembeni. Alitaka kujitoa. Kipande chake amwachie kaka mkubwa, naye kaka amwezekee nyumba yake ya Chake kwa mabati. Nilimwambia, faragha, kwamba anauza kwa bei ya kutupa, nikamfanyia hesabu ya misimu mitatu kwenye kiganja cha mkono. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema kaka yake ndiye aliyemsomesha mwanawe, na nyumba yake inavuja sasa, si baada ya misimu mitatu. “Ulitaka nijue, Maalimu. Najua. Basi niachie nami nitoe changu.” Nikaliandika kama alivyotaka, akalikariri mwenyewe mbele ya Kadhi, kwa sauti iliyosikika mpaka nje. Mpaka leo naona alipunjwa. Naona pia kwamba halikuwa langu.

Tangu hapo nimekaa katika sulhu nyingi, na nimekataa mbili. Moja mke alikuwa akipigwa, na wazee walitaka nitafute maneno ya kumrudisha. Nyingine palikuwa na wasia ambao wino wake ulikuwa mpya kuliko kifo cha mwenye kuusia. Mambo hayo yana milango yake, polisi na mahakama, na msuluhishi anayeingia humo huwa anamfunikia mtu.

Kaka mkubwa alilipa msimu wa kwanza kwa ukamilifu. Wa pili karafuu hazikuzaa, akaomba apewe muda, akapewa, akamaliza mwaka 2014. Mimi hakunisalimia tena. Tulikutana mara mbili bandarini Wete, akatazama bahari. Mwaka juzi alikuja kwangu kijana mmoja na mkataba wa kazi kutoka Maskati, kurasa sita za Kiarabu, anataka uwekwe Kiswahili kila neno, kwa sababu baba yake kamwambia asitie saini asichokifahamu. Nilipomuuliza baba yake ni nani, alinitajia jina. Nilifanya kazi ile siku mbili, nikataka kumpunguzia bei. Akakataa, akasema kaagizwa alipe yote, na asiondoke bila ya stakabadhi.